Kujua kishada cha nyota kilizaliwa galaksi gani: mwongozo wa vitendo

Vishada viwili vinaweza kulingana kwa chuma na bado vikawa na wazazi tofauti. Tutapima 47 Tucanae, kisha tuiweke kando ya Palomar 12. Kompyuta ya kawaida inatosha.

1. Chukua data. Tumia APOGEE, mradi wa kupima kemia ya nyota, toleo la DR17 la Desemba 2021: spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) za infraredi za nyota zaidi ya 650,000, zilizochukuliwa New Mexico na Chile. Faili zima la allStar, lenye nyota zote, lina gigabaiti kadhaa, kwa hiyo mwenye bando dogo aandike ombi la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kwenye SkyServer, tovuti ya data hizo, na kushusha nyota anazozihitaji tu.

2. Chuja wanachama. Katikati ya 47 Tucanae ni RA 6.02°, Dec −72.08° (RA na Dec ni kama longitudo na latitudo za angani). Chora duara la nusu digrii, bakiza nyota zenye kasi ya −17 km/s (alama ya kutoa maana yake zinatujia), jumlisha au toa 30. Usiruke chujio hili: nyuma ya kishada kuna Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani ambayo nyota zake zinakwenda kwa takribani +150 km/s na zitakuharibia mchoro. Tupa pia nyota zenye alama ya STAR_BAD, yaani zenye vipimo vibovu.

(Ukiwa Dar es Salaam, Novemba mwanzoni mwa usiku, kishada chenyewe kinaonekana chini upande wa kusini kama nyota yenye ukungu.)

3. Soma chuma. Utapata [Fe/H], yaani chuma kwa hidrojeni ukilinganisha na Jua, karibu −0.7. Kipimo ni cha logi, yaani chuma ni kama sehemu moja ya tano ya kile cha Jua. Peke yake hakikwambii asili.

4. Soma elementi za alfa, kama magnesi na kalsi, ukizilinganisha na chuma. Hapa ndipo wengi wanateleza, nami niliwahi kuteleza. Magnesi inavutia kwa sababu inapimwa vizuri, lakini katika vishada vikubwa vyenye chuma kidogo, kama M92, baadhi ya nyota zina magnesi pungufu na alumini nyingi. Huo ni mchezo wa ndani ya kishada, hauhusu galaksi mama. Chora Mg dhidi ya Al kwanza. Ukiona mteremko, yaani magnesi ikishuka alumini ikipanda, hamia kalsi.

Kwa 47 Tucanae, alfa kwa chuma inasimama karibu +0.3, mara mbili ya uwiano wa Jua.

5. Linganisha. Palomar 12 iko mbali, kama miaka ya nuru 62,000, kwa hiyo tumia vipimo vilivyochapishwa: chuma −0.8, alfa karibu sifuri. Supernova za nyota nzito hulipuka mapema na kumwaga alfa. Zile za vibete vyeupe, mabaki ya nyota nyepesi, huchelewa na kuleta chuma kingi. Galaksi ndogo huzaa nyota polepole, hivyo chuma cha wachelewaji huwahi kuingia kabla nyota nyingi hazijazaliwa, na alfa kwa chuma hushuka. 47 Tucanae, yenye alfa nyingi, inalingana na galaksi kubwa kama yetu. Palomar 12 ilitoka galaksi kibete ya Sagittarius, na njia yake angani inakubali.

Zoezi: kishada cha Ruprecht 106 kina chuma −1.5, alfa karibu sifuri. Je, kilizaliwa galaksi kubwa au ndogo?