Kufinyanga janggu ya seladoni bila kukatika kiuno

Wiki iliyopita mwenzangu wa karakana alinionyesha janggu yake ya tatu, imekatika kiunoni kama mbili zilizoitangulia. Nikazikumbuka zangu. Haya ndiyo niliyomwambia.

Janggu ni ile ngoma ya Kikorea yenye kiuno cha nyigu: mabakuli mawili yaliyopeana mgongo, katikati bomba jembamba. Siku hizi huchongwa kwa mti, lakini enzi za ufalme wa Goryeo huko Korea (918–1392) wafinyanzi waliitengeneza pia kwa seladoni, yaani kauri yenye gilezi (utando wa kioo) ya kijani.

1. Finyanga bakuli mbili na bomba, siku moja, kwa donge moja la udongo. Udongo wangu hunywea karibu asilimia 13 hadi utoke motoni. Ukitaka ngoma ya sentimita 40, finyanga ya 46.

2. Unga kiuno. Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili. Subiri vipande vikakamae: ukibonyeza kwa kidole havididimii, ila ukucha unaacha alama. Vyote vitatu viwe na unyevu uleule; bomba likikauka kabla ya bakuli, usijidanganye kwamba utalilowesha, finyanga jingine. Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo huohuo, kandamiza huku ukizungusha kidogo mpaka uji utoke pembeni. Ndani pitisha kijiti chenye sponji ulainishe ungio.

Kisha kukausha. Mimi nilikuwa nafunika kiuno kwa nailoni nikidhani nakilinda. Kumbe midomo ya bakuli ikatangulia kukauka na kunywea, kiuno kibichi kikavutwa huku na huku, ufa ukazunguka kama pete. Fanya kinyume: funika midomo, acha kiuno wazi. Geuza ngoma kichwa chini kila asubuhi, kwa siku kumi au zaidi. Feni usiiwashe kabisa. Na bakuli la juu liwe jembamba kuliko la chini, maana kwenye moto mkali udongo hulegea na kiuno ndicho kinachobeba mzigo.

3. Njumu, yaani sanggam. Ngoma ikiwa bado na unyevu, chora mchoro kwa ncha ya kisu, jaza uji mweupe, na uji wenye chuma pale unapotaka pawe peusi. Ukikauka kidogo, paruza juu. Wengine hutumia msasa. Mimi nautumia ukingo wa chuma tu, msasa unatia ukungu kwenye mistari.

4. Choma mara ya kwanza nyuzi 850 hivi, kisha ichovye kwenye gilezi ya jivu yenye chuma kidogo, asilimia 1 hadi 3. Futa mdomo utakaosimamia.

5. Moto wa pili, karibu nyuzi 1,250. Kuanzia kama 1,000 punguza hewa tanurini. Bila hivyo unapata rangi ya chai badala ya kijani. Simamisha ngoma juu ya duara la udongo uleule ambao haujachomwa, vinywee pamoja, la sivyo mdomo utakwama kwenye rafu na kupinda.

6. Mwisho, vika ngoma ngozi: nene kushoto, nyembamba kulia. Pete zinazoshika ngozi ni pana kuliko midomo, kwa hiyo kamba za kuzikaza hupita nje bila kugusa kauri. Kaza kidogo kidogo ukizunguka, usimalize upande mmoja kwanza.