Namna ya Kuomba Shahada ya Uzamivu katika Uhandisi wa Usafirishaji Ukiwa Kazini Mtwara

Wahandisi vijana wanaonifuata hapa Mtwara kuulizia uzamivu katika mipango na uhandisi wa usafirishaji huanza na ufadhili. Mimi huwarudisha barabarani kwanza, kwa sababu ombi lisilo na swali la utafiti halifiki mbali.

Hatua ya kwanza ni kutafuta swali hilo, na huku kusini hayakosekani. Msimu wa korosho unapofunguka, malori hushuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi kuelekea bandarini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inairuhusu ekseli moja (mhimili unaoshika magurudumu) yenye matairi manne kubeba tani 10. Jaribio la barabara la AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, lilionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa hiyo ekseli hiyo ikibeba tani 12, unazidisha 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2 na kupata 2.07: mzigo umezidi kwa asilimia 20, lakini uharibifu umezidi maradufu. Je, kipeo hicho kinabaki kuwa nne pale lami nyembamba inapolazwa juu ya udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde? Hilo tayari ni swali la uzamivu.

Hatua ya pili, hesabu magari wewe mwenyewe. Chora fomu yenye safu za pikipiki, bajaji, gari dogo, basi, lori la ekseli mbili, la ekseli tatu na lenye tela. Kila mwelekeo uwe na karatasi yake, na kila baada ya dakika 15 upige mstari. Hesabu siku saba mfululizo, siku ya gulio ikiwemo. Mara yangu ya kwanza nilichanganya waendao na warudio katika karatasi moja, nikalazimika kurudia wiki nzima.

Tatu, andika andiko la kurasa chache linaloeleza swali, waliotangulia walipoishia, data utakayokusanya na namna utakavyoichambua.

Nne, mtafute msimamizi, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ng'ambo. Soma makala zake mbili za karibuni kabla ya kumwandikia, kisha barua pepe yako iwe fupi na ioneshe swali lako linapokutana na kazi yake. Barua ya jumla inayotumwa kwa maprofesa ishirini haijibiwi, na ni haki yake.

Sasa ndipo uje kwenye ufadhili. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, na Jumuiya ya Madola hudhamini masomo ya uzamivu. Ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ukiulizie mapema. Zile fomu za kuhesabia magari zitunze zilivyo, hata zenye madoa ya mvua, maana msimamizi makini ataomba kuziona.