Kabla Kaskazi haijakolea: kuandaa bwawa la kuogelea

Maji ya bwawa yakipungua, wengi Nyali na Bamburi, Mombasa, hulaumu jua. Jua lina sehemu yake, lakini Desemba hadi Machi upepo wa Kaskazi ndio wa kuchungwa kwanza.

Juu ya maji yaliyotulia hukaa tabaka jembamba la hewa iliyoshiba mvuke. Upepo huiondoa na kuleta hewa nyingine yenye nafasi ya mvuke, ndiyo maana chai hupoa haraka ukiipuliza. Unyevu wa hewa ya Mombasa hupunguza kasi ya maji kugeuka mvuke, ila hauikomeshi. Basi simama kando ya bwawa alasiri uone upepo unaingilia wapi. Upande huo panda ua wa miti au weka uzio wenye matundu. Ukuta mtupu huurusha upepo juu, kisha ukashukia majini kwa vurugu.

Na mawimbi? Viwimbi vya bwawani haviongezi sana eneo la maji. Vinachofanya ni kuvuruga utando wa juu, uliopoa kidogo kwa kutoa mvuke, na kupandisha maji yenye joto zaidi. Baharini mawimbi yakivunjika hurusha matone, na tone hutoa mvuke pande zote. Chemchemi ya mapambo hufanya vivyo hivyo nyumbani kwako, kwa hiyo izime kukiwa hakuna wageni.

Piga hesabu mapema. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bwawa la mita 10 kwa 5 likishuka milimita 5 kwa siku, zimepotea lita 250, yaani mitungi 12 na nusu ya lita 20. Anayenunua maji ya mkokoteni anaijua bei yake.

Nunua kifuniko cha kuelea, na ukitumie hasa usiku: hewa hupoa, maji hubaki na joto, mvuke huendelea kutoka.

Kabla ya kumwita fundi wa kuziba nyufa, weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na nje yawe usawa mmoja, ulinganishe baada ya saa 24. Bwawa likishuka zaidi sana kuliko ndoo, huenda linavuja. Kingo za ndoo huzuia upepo na viwimbi, kwa hiyo tofauti ndogo isikutie wasiwasi.

Wanaojazia maji ya kisima wapime chumvi mara kwa mara. Mvuke huondoka peke yake, chumvi hubaki, na kila ukijazia unaongeza nyingine.