Jinsi ya kumjua mchezaji wa hoki akivaa jezi usiyoizoea

Wana Kuchele, najua hapa Mtwara barafu tunaiona kwenye deli tu, ila mkianza kubishana kijiweni huyu nani kwenye picha ya hoki ya barafu, rangi ya jezi achana nayo kwanza, nenda na namba mgongoni. Wayne Gretzky ukimzoea na Edmonton utashangaa kumkuta na jezi ya St. Louis, alipita pale kidogo tu 1996 kabla hajaenda New York, lakini 99 ni ile ile, halafu cheki kiunoni, upande wa kulia jezi kaichomekea, upande mwingine inaning'inia, hiyo ndo alama yake. Jaromír Jágr ni 68, na ujana wake alikuwa na nywele ndefu zinatoka chini ya helmeti, mbwembwe tupu.

Ila namba nayo inazingua saa zingine. Ray Bourque pale Boston alivaa 7, ilipofika 1987 akahamia 77, na hiyo 77 ndo kabebea kombe na Colorado 2001. Ikishindikana angalia fimbo, mkono gani uko chini, hicho wachezaji huwa hawabadilishi ovyo. Kipa je? Sura haionekani, soma jina mgongoni yaishe.