Jihoji kabla ya kulala: daftari langu la Malaba

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kazi yangu ni karatasi. Lori linafika kutoka Mombasa, dereva ananikabidhi bahasha, nami nahangaika nayo mpaka lori lipite kwenda Tororo, Kampala na kwingineko. Ni kazi ya kungoja na kusukumana, na kwa miaka mingi niliifanya kwa kelele.

Miaka minne iliyopita nilimfokea dereva mmoja kijana mbele ya wenzake, nikamwambia amepoteza ankara ya tajiri. Aliniambia mara tatu, "Mama, mimi nilikupa mkononi," nami sikutaka kusikia. Tajiri akatuma nakala nyingine, lori likapita. Jioni nikaikuta ile ankara kwenye mkoba wangu, imekunjwa ndani ya gazeti. Namba ya yule kijana sikuwa nayo.

Usiku ule niliandika kwa mara ya kwanza. Nilijaza ukurasa mzima wa kujilaani, nikalala vibaya, na asubuhi yake nikamfokea mtu mwingine. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza kwamba kuandika peke yake hakumsaidii mtu. Kujimwaga kwenye karatasi ni kama kuchochea jiko: moto unazidi. Kinachosaidia ni kujiuliza maswali machache, yaleyale kila usiku, na kuyajibu kwa ukweli.

Maswali hayo niliyapata kwa Wastoa. Hao ni wanafalsafa wa kale, na wa kwanza wao, Zeno, alikuwa mfanyabiashara kutoka Kupro. Inasimuliwa kwamba jahazi lake lilizama na shehena yote, naye akabaki Athens akijifunza hekima. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo alianza kufundisha kwenye baraza moja lililopambwa kwa michoro, na kwa Kigiriki baraza la namna hiyo huitwa stoa. Kwa hiyo Wastoa ni watu wa barazani. Mimi niliposikia habari ya mtu aliyepoteza shehena akaishia kukaa barazani na kufundisha, nilihisi ni jirani yangu.

Sasa tuje kwenye daftari. Nunua la kawaida, lile la wanafunzi la kurasa 96. Usitafute zuri sana, maana daftari zuri linakutia haya ya kuandika mambo madogo, na humu tunaandika mambo madogo. Simu iache mbali. Ukiishika simu usiku utakuta ujumbe wa mteja, na mara umerudi kazini.

Chagua kitu unachokifanya kila usiku bila kukumbushwa, kisha ulifunge daftari kwenye kitu hicho. Mimi hushusha chandarua kila usiku. Daftari na kalamu viko chini ya mto, nikishashusha chandarua nakaa ndani yake na taa ya sola, naandika. Ukisema tu "nitaandika jioni", jioni itapita. Seneca, Mstoa wa Roma aliyefariki mwaka 65 baada ya Kristo, ameeleza katika maandishi yake juu ya hasira kwamba yeye alisubiri taa iondolewe, mkewe aliyeijua desturi yake anyamaze, ndipo akaipitia siku yake nzima bila kujificha lolote. Mume wangu naye siku hizi hupunguza redio akiniona nimevuta daftari. Sikumwomba. Waambie watu wa nyumbani unafanya nini, watakupisha.

Maswali yenyewe ni matatu. Seneca aliyapata kwa mtu aliyemtangulia, Sextius, ambaye kila siku ilipokwisha aliiuliza nafsi yake: ubaya gani wako umeuponya leo? Kosa gani umelikataa? Umekuwa bora kwa lipi? Yanakili kwenye jalada la ndani la daftari. Hayaulizi ulijisikiaje wala siku ilikuwaje. Yanauliza ulifanya nini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea miezi mingi. Niliandika, "Leo nilikasirika kidogo na mlinzi wa geti." Sentensi hiyo haina kazi. Kesho ukiisoma huoni kitu, kwa sababu neno "kidogo" limeshafunika kila kitu. Andika maneno uliyoyasema, kama yalivyotoka mdomoni. Huu hapa ukurasa wangu mmoja, niliobadilisha mambo machache tu ili mtu asijulikane:

"Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Malori matatu, mawili yamepita. Saa nane nilimwambia mlinzi wa geti: Wewe umewekwa hapa kufungua geti, si kufikiri. Alitazama chini. Ana umri wa baba yangu mdogo. Alikuwa anauliza namba ya lori kwa sababu aliambiwa aulize. Nilichotaka: lori lipite kabla ya mvua kuzidi. Nilichopata: lori lilipita baada ya dakika kumi, kama ambavyo lingepita tu. Kosa nililolikataa: mteja wa Kampala alinitukana kwenye simu, sikumjibu tusi, nilimwambia nitampigia saa kumi, na nikampigia. Kesho: nimsalimie mzee kwanza, shikamoo, halafu namba ya lori."

Mistari kumi, basi. Nilipoyaona maneno yangu kwenye karatasi, "si kufikiri", niliona haya kwelikweli. Ukiyaandika kamili, hutafuti visingizio, maana maneno yanajishtaki yenyewe.

Na hapo hapo unahitaji msamaha, la sivyo utalikimbia daftari baada ya wiki mbili. Seneca alikuwa na namna yake ya kujihukumu ambayo naipenda sana: alijiambia asirudie tena, na kwamba kwa leo amesamehewa. Vyote viwili, kwa pamoja. Mimi huandika chini ya kosa neno moja, "Nimesikia", kisha nauandika mstari wa kesho. Kujitukana sikuruhusu tena kwenye daftari langu. Ule ukurasa wa kwanza wa kujilaani nimeuacha ulivyo, nione tofauti.

Halafu kuna lugha. Shuleni Uganda tumefundishwa kuandika kwa Kiingereza, na wengi wakishika kalamu Kiingereza kinakuja chenyewe, kimevaa suti. Lakini mimi sifoki kwa Kiingereza. Mpakani nafoka kwa Kiswahili, nyumbani naguna kwa Kijapadhola. Basi naandika kwa lugha ileile niliyotendea kosa. Marcus Aurelius, Mstoa mwingine, alikuwa mfalme wa Roma, lugha ya dola yake ilikuwa Kilatini, lakini mawaidha aliyojiandikia mwenyewe aliyaandika kwa Kigiriki, kwa kuwa katika Kigiriki ndimo alimojifunzia falsafa. Wewe tafuta lugha isiyokuruhusu kujipamba.

Ukizoea maswali matatu, labda baada ya mwezi, ongeza mstari wa kugawa ukurasa katikati. Epictetus, Mstoa aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mwalimu mkubwa, aliweka msingi wote hapo: kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu na kuna yasiyo. Upande mmoja naandika "Yangu", upande wa pili "Si yangu". Usidhani ni rahisi. Siku moja netiweki ilikatika kuanzia saa nne hadi saa nane, malori yakapanga foleni mpaka sikuona mwisho wake. Nikaandika upesi: netiweki, si yangu. Foleni, si yangu. Mteja kukasirika, si yangu. Nikataka kufunga daftari nilale nimeridhika. Kisha nikajiuliza mteja alijuaje kwamba netiweki imekatika. Hakujua. Nilikuwa na simu mkononi saa nne nzima na sikumpigia. Hilo likaenda upande wa "Yangu". Ndiyo faida ya mstari ule: ukiugawa ukurasa kwa haki, utakuta ndani ya mambo yasiyo yako kuna kipande kidogo chako ulichokiacha.

Mstari huo unafanya kazi hata kwenye majonzi. Mwanangu alipolazwa kwa malaria niliandika: homa, si yangu. Kukaa naye, uji, kumwuliza daktari swali ninaloogopa kuuliza, yangu. Niliogopa vilevile, lakini nilijua nifanye nini asubuhi. Wanaosema Wastoa hawakuwa na huruma nadhani hawajawahi kuugawa ukurasa wao usiku wa namna ile.

Kama ugonjwa wako ni hasira kama wangu, hesabu siku. Hili nalo ni la Epictetus. Aliwaambia wanafunzi wake wazihesabu siku ambazo hawakukasirika: zamani nilikasirika kila siku, sasa siku moja baada ya nyingine, kisha kila siku ya tatu, kisha ya nne, na ukifikisha siku thelathini mtolee Mungu sadaka. Nina kalenda ya duka ukutani, siku isiyo na kufoka naitia alama ya wino. Mwaka wa kwanza sikupita siku sita. Nyingi zaidi nilizopata mpaka sasa ni kumi na tisa, na nilizipata mwezi wa malori mengi, si mwezi wa mapumziko.

Asubuhi sihitaji ukurasa, mistari miwili inatosha. Marcus, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180 na kuandika sehemu ya maneno yake akiwa vitani karibu na mto Danube, alijikumbusha kukipambazuka kwamba leo atakutana na mjuba, msahaulifu wa fadhila, mwongo na mwenye wivu. Lakini usiishie hapo, maana aliendelea kusema kwamba tumeumbwa tushirikiane, kama miguu, kama mikono, kama safu ya meno ya juu na ya chini. Mimi huandika nitakutana na nani leo na nitamsalimia vipi. Basi, nafunga, navaa viatu.

Ukiruka siku, usilipe deni kwa kuandika kurasa tatu. Andika tarehe ya leo, endelea. Makosa ya wengine usiyaandike zaidi ya mstari mmoja, kwa sababu daftari likijaa makosa ya jirani limekuwa umbea. Na majina ya watu fupisha, nyumba zetu zina watoto wanaojua kusoma.

Daftari likiisha, lisome lote siku moja ukiwa peke yako. Nililisoma la kwanza Jumapili mchana chini ya mwembe wa mama mkwe, nikiwa na kalamu nyekundu, nikizungushia kila saa niliyofoka. Karibu zote ziliangukia kati ya saa saba na saa tisa, na karibu siku zote hizo nilikuwa nimekunywa chai tu tangu alfajiri. Miaka yote hiyo nilidhani ni madereva. Tangu Jumatatu ile nabeba karanga na ndizi mbili kwenye mkoba, kwenye mfuko uleule ilimokuwa ile ankara, na saa sita na nusu nakaa chini nakula kabla sijashika bahasha nyingine.