Kujenga lebo ya muziki itakayoweza kutoa misaada: njia ya Herb Alpert

Mwaka 1962 mpiga tarumbeta wa Marekani Herb Alpert na mshirika wake Jerry Moss walichanga dola 100 kila mmoja, wakaanzisha A&M Records kwenye gereji ya Alpert, Los Angeles. Mwaka 1989 waliiuza kwa kampuni ya muziki ya PolyGram kwa takriban dola milioni 500. Wengi hukodolea macho hiyo bei. Kazi yenyewe iko kwenye karatasi.

Kwanza tenganisha haki mbili: masta, yaani sauti iliyorekodiwa, na utunzi, yaani mashairi na melodi. Kila moja iwe na mkataba wake. A&M walikuwa na Rondor, kampuni ya kusimamia tungo, na lebo ilipouzwa waliibakiza; kampuni ya Universal waliinunua baadaye, mwaka 2000. Aliyeuza "haki zote" kwa sentensi moja hana cha kubakiza.

Fomu ya mgao ijazwe kabla watu hawajatoka studio: jina halisi, jina la kisanii, asilimia, saini. Jumla ya asilimia za utunzi iwe 100. Madai yakifika 110, malipo huzuiwa mpaka mkubaliane, na wimbo ukishavuma hakuna anayekubali kupunguziwa. Kila rekodi iwe na ISRC yake, yaani namba ya kuitambulisha, yenye herufi na tarakimu 12. Remix ni rekodi nyingine, usiipe namba ya zamani.

Ukiuza lebo, andika pia namna itakavyoendeshwa. Alpert na Moss walikuwa na kifungu hicho. Walipoona kimevunjwa waliishtaki PolyGram, na shauri likamalizwa kwa wao kulipwa dola milioni 200 zaidi.

Sasa kutoa misaada. Hundi kubwa ya mfano inapendeza pichani, ila wakfu ndio unaodumu. Mwaka 2016 wakfu wa Alpert ulikipa Los Angeles City College dola milioni 10.1 ili wanafunzi wa muziki wasome bila ada. Hesabu yake ni nyepesi: mtaji wa shilingi milioni 100, ukizaa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, unalipa milioni 5, na mtaji hauguswi. Usiweke fedha hizo kwenye akaunti ya lebo, kwa sababu lebo ikifilisika wadai watazibeba. Sajili chombo tofauti chenye wadhamini wake, baadhi yao wasiwe watu wa lebo.

Ukitoa ala badala ya ada, tenga na fungu la matengenezo. Gitaa lisilo na nyuzi za akiba huishia stoo.