SOMO: Nidhamu kwenye kutredi (kununua na kuuza sokoni ili upate faida ya bei), hesabu zake ziko hivi

Wakuu habari zenu. Kila siku naulizwa setapu ipi nzuri (setapu ni ile hali ya soko inayokuambia ingia), na wengi wanaouliza setapu wanayo tayari, shida leo wanaifuata kesho wanaiacha.

Hatua ya 1. Andika sheria zako kwenye daftari: unaingia lini, stop losi (bei ambayo ikifikiwa tredi inajifunga yenyewe kuzuia hasara) inakaa wapi, unatoka wapi. Zikishindikana kuandikika bado hujazielewa.

Hatua ya 2, hapa naomba tutulie. Chagua asilimia ya kuhatarisha kwa kila tredi na usiiguse, stop losi ikiwa mbali punguza loti (ukubwa wa tredi). Ukihatarisha asilimia 1 ukapigwa (ukapata hasara) mara 10 mfululizo unabaki na kama asilimia 90 ya akaunti, ukihatarisha 10 kipigo hicho hicho kinakuachia 35 hivi. Na ukishapoteza nusu unahitaji faida ya asilimia 100 kurudi ulipokuwa, sio 50, ndo maana mtu anaanza kupandisha loti kwa hasira anamalizia kilichobaki. Akaunti yangu ya kwanza iliungua hivyo, uchambuzi haukuwa mbaya, nilikuwa nadabo loti kila nikipigwa, usiku mmoja tu kwisha.

Hatua ya 3. Ingia kila setapu inayotimiza sheria. Tuseme mfumo unashinda mara 40 kwenye tredi 100 na ushindi unalipa mara mbili ya hasara, ukihesabu kila hasara kama 1 na kila ushindi kama 2, unaingiza 80 unatoa 60, faida 20. Sasa wewe umepigwa mara nne umeogopa ukaanza kuchagua chagua, ukiruka 10 tu kati ya zile za ushindi inakuwa 60 kwa 60, mwezi mzima umefanya kazi bure na utasema mfumo mbovu!

Hatua ya 4. Rekodi kila tredi, na pembeni andika ulifuata sheria au hukufuata. Hiyo ya pembeni ndo muhimu kuliko faida.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu bei ikikaribia stop losi mkono unanituma niisogeze, nafanyaje?
Jibu: Ukishaiweka funga chati kaka, toka hapo. Ukiisogeza ile asilimia 1 imeshakuwa 3 bila wewe kuamua.

Swali: Demo (akaunti ya mazoezi, pesa sio za kweli) nafanya vizuri, akaunti halisi nachemka, kwa nini?
Jibu: Demo hakuna kinachouma. Shusha loti mpaka hasara isikunyime usingizi, kaa hapo tredi 50 ndo upandishe.

Swali: Nimepigwa mara 6 mfululizo, niache mfumo?
Jibu: Mfumo wa kushinda 40 kwa 100, kupigwa mara 6 mfululizo ndani ya tredi 100 ni kitu cha kutarajia kabisa. Fungua daftari kwanza dada, kati ya hizo 6 ngapi ulifuata sheria? Njoo na hiyo namba tuendelee.